Lidi moja, sita au 12: kipimo kipi cha umeme wa moyo kinajibu swali lako?

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kupima ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, swali la kwanza huwa lilelile: "Saa yangu inapima moyo, sasa ya nini nivue shati nibandikwe nyaya kumi?" Wapo pia wanaokuja na manung'uniko ya upande wa pili. Walivishwa kisanduku siku nzima, wakalala nacho, majibu yakatoka safi, na wiki moja baadaye moyo ukawaenda mbio vilevile. Wanahisi walizungushwa bure.

Wote hao wanalinganisha vifaa. Mimi huwaomba kwanza walinganishe maswali. Tatizo la moyo, ukilitazama kwa jicho la umeme, lina maswali mawili makubwa: linatokea lini, na liko wapi. Kifaa cha kujibu "lini" lazima kikae na wewe muda mrefu. Kifaa cha kujibu "wapi" lazima kikutazame kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja. Saa yako ni hodari wa swali la kwanza, mashine ya nyaya kumi ni hodari wa la pili, na lawama nyingi ninazozisikia zinatokana na kumtuma mmoja kazi ya mwenzake.

Lidi si waya

Hospitalini utasikia mtu akisema "lidi imechomoka" akimaanisha waya. Ni mazoea tu, lakini yanaficha jambo la msingi.

Kibandiko chenye jeli kinachogusa ngozi kinaitwa elektrodi. Waya unaotoka hapo kwenda kwenye mashine ni waya. Lidi ni tofauti ya volti kati ya sehemu moja ya mwili na nyingine, ikichorwa muda unavyokwenda. Ni pembe ambayo mashine inautazamia moyo. Ndiyo maana elektrodi 10 zinaweza kuzaa lidi 12. Mashine inazichukua zilezile na kuzilinganisha kwa namna tofauti tofauti.

Chukua mpira unaobingirika kutoka lango moja kwenda lango la pili. Golikipa mmoja anauona ukimjia, mwenzake anauona ukimkimbia, na mshika kibendera aliye pembeni anauona ukimpita tu. Mpira ni mmoja, ripoti ni tatu. Umeme wa moyo ukielekea upande chanya wa lidi, kalamu hupanda. Ukielekea upande wa pili, kalamu hushuka. Ukikatiza kwa pembe mraba, mstari hubaki karibu bapa, au hupanda kidogo na kushuka kidogo.

Umeme wenyewe huanzia kwenye kinundu kidogo kilicho juu ya chumba cha kulia cha moyo. Husambaa kwenye vyumba vya juu, na hilo ndilo wimbi P. Hucheleweshwa kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde kwenye kinundu cha katikati ili vyumba vya chini vijae damu, kisha hushuka kwa kasi na kuamsha misuli minene ya chini: hapo ndipo kinapochorwa kile kilele kirefu, QRS. Misuli ikijirudi tayari kwa pigo linalofuata, linatokea wimbi T. Kwa kuwa misuli ya chumba cha chini cha kushoto ni minene kuliko mingine yote, jumla ya umeme huelekea chini na kushoto. Lidi II, inayotazama kutokea chini, huiona ikija. Lidi aVR, inayotazama kutokea bega la kulia, huona karibu kila kitu kikishuka. Karatasi ambayo aVR yake imepanda hunirudisha kukagua nyaya kabla sijafikiria ugonjwa wowote.

Na tusisahau udogo wa kinachopimwa. Kilele cha QRS kwa kawaida ni milivolti 1 hivi, wakati betri ya tochi ina volti 1.5. Tunakamata kitu kilicho hafifu kuliko betri hiyo mara 1,500, juu ya ngozi yenye jasho, kwa mtu ambaye pengine anatetemeka kwa baridi au kwa hofu.

Lidi moja: saa na vifaa vya kushika mkononi

Augustus Waller alirekodi umeme wa moyo wa binadamu London mwaka 1887, ila mchoro wake ulikuwa hafifu. Aliyeufanya usomeke ni Willem Einthoven, Mholanzi wa Leiden, kwa galvanomita yake ya uzi, kifaa cha kupimia umeme hafifu, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Wagonjwa wake walikaa wametumbukiza mikono yote miwili na mguu wa kushoto kwenye ndoo za maji ya chumvi. Mkono kwa mkono ikawa lidi I. Mkono wa kulia na mguu, lidi II. Mkono wa kushoto na mguu, lidi III.

Saa janja unayoivaa kushoto inafanya ndoo mbili za kwanza. Mgongo wa saa unagusa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kinagusa kitufe cha pembeni, na baada ya sekunde 30 unapata lidi I ileile ya Einthoven bila kulowa. Apple iliiweka ECG kwenye saa yake mwaka 2018, na kampuni nyingine zikafuata. Angalia usichanganye na ile taa ya kijani inayowaka chini ya saa: hiyo inahesabu mapigo kwa kufuatilia damu inavyopita chini ya ngozi, haipimi umeme. Kama hukugusa kitufe kwa kidole cha mkono wa pili, hukupima ECG.

Nguvu ya lidi moja iko kwenye mdundo. Vyumba vya juu vikiwa vinapapatika badala ya kupiga, hali inayoitwa kitaalamu fibrilesheni ya atria, wimbi P hupotea na mapigo huja bila mpangilio wowote. Kuliona hilo huhitaji pembe 12; pembe moja safi inatosha. Na ni jambo la kuonekana mapema, kwa sababu damu ikituama kwenye vyumba hivyo inaweza kuganda na kuleta kiharusi. Halafu kuna faida ambayo hakuna mashine ya kliniki inayoweza kuishinda: saa iko nawe saa nane usiku moyo unapokwenda mbio.

Udhaifu wake uko kwenye "wapi". Lidi I inatazama kutokea ubavu wa kushoto. Ukuta wa chini wa moyo, ule uliolalia kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), unaonekana vizuri na lidi II, III na aVF. Ukuta huo unaweza kuwa unakosa damu kabisa huku saa ikikuandikia kwamba mdundo ni wa kawaida, na ni kweli, mdundo ni wa kawaida! Misuli ndiyo inayokufa. Watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba kifaa hakitambui shambulio la moyo. Maandishi hayo watu huyapita haraka kama yale masharti ya kusakinisha programu.

Ukitaka rekodi isomeke, kaa, laza mikono yote miwili mezani mpaka viwiko, nyamaza, na uhakikishe ngozi haina losheni wala jasho. Mkono uliokauka sana kama gome nao unasumbua. Lowanisha kidogo sana, ufute, ujaribu tena. Rekodi nyingi mbovu ninazoletewa kwenye simu zilipimwa mtu akiwa amesimama, saa imelegea, mkono hewani. Misuli ya mkono nayo ina umeme wake, na kifaa hakijui kuutenganisha na wa moyo.

Sita ambazo ni mbili

Kuna vifaa vidogo vyenye kigusio cha tatu, unachokiegemeza kwenye goti au kifundo cha mguu wa kushoto huku vidole viko kwenye vigusio vya juu. Hivi hutoa lidi sita: tatu za Einthoven, na tatu zinazoitwa aVR, aVL na aVF, ambazo msingi wake uliwekwa na Emanuel Goldberger mwaka 1942.

Sita zinasikika nyingi. Lakini jumlisha lidi I na lidi III, utapata lidi II. Ni hesabu ya kawaida kabisa, na ni njia nzuri ya kukagua kama mashine imeunganishwa sawasawa. Zile tatu za Goldberger nazo hukokotolewa kutoka vigusio vilevile. Kwa hiyo habari mpya, isiyotokana na nyingine, ni lidi mbili tu. Na zote sita ziko kwenye bapa moja, kama mtu anayeuzunguka moyo uliochorwa ukutani: juu, chini, kulia, kushoto. Hakuna hata moja inayoutazama kutokea mbele.

Je, kifaa hicho ni upotevu? Hapana. Lidi II mara nyingi huonyesha wimbi P wazi kuliko lidi I, na hilo humsaidia daktari kutenganisha aina za mapigo ya kasi. Kwa mtu ambaye moyo humkimbia mara kwa mara na anataka kuukamata, ningependelea sita kuliko moja kama vipo vyote viwili. Kwa maumivu ya kifua, moja na sita havipishani: vyote si jibu.

Monita ya kando ya kitanda

Wewe huichagui hii, unawekewa. Kwa hiyo nitaipitia upesi. Monita ya elektrodi tatu huonyesha lidi moja kwa wakati, mara nyingi lidi II. Ya elektrodi tano huongeza moja ya kifuani. Kazi yake ni ulinzi: kupiga kelele mdundo ukibadilika.

Jambo moja ambalo hata walio ndani ya fani hulisahau: monita nyingi huchuja mawimbi yasibaki ila yaliyo kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 0.5 na 40 ili mstari usiyumbe mgonjwa akijigeuza. ECG kamili huhifadhi kuanzia hezi 0.05 hadi 150. Kile kipande cha mstari kati ya QRS na T, ambacho ndicho hutueleza kama misuli inakosa damu, ni cha mwendo wa polepole, na uchujaji huo unaweza kukipotosha. Ukiona kimeinuka kwenye monita, unapima lidi 12. Humtibu mtu kwa kuangalia skrini. Na kwa ndugu wanaokaa kando ya kitanda: mstari ukilala ghafla huku mgonjwa anaongea nanyi, kibandiko kimebanduka.

Lidi 12: pale swali linapokuwa "wapi"

Hapa ndipo ninapokaa kutwa, mtanisamehe nikirefusha.

Elektrodi nne huenda mikononi na miguuni, sita kifuani. Ile ya mguu wa kulia haimo kwenye lidi yoyote. Kazi yake ni kupunguza kelele za umeme wa nyumbani zinazoingia kwenye mchoro. Zile za kifuani zilitokana na kazi ya Frank Wilson wa Marekani, ambaye mwaka 1934 alieleza namna ya kuunganisha mikono miwili na mguu pamoja ili ipatikane nukta moja ya kulinganishia. Mwaka 1938 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani na Uingereza vilikubaliana mahali pa kuweka elektrodi za kifua, V1 hadi V6, na makubaliano hayo ndiyo tunayoyafuata mpaka leo.

Kwa V1 hadi V6 moyo sasa unatazamwa pia kutokea mbele kuzunguka hadi kwapani. Na kwa kuwa kila ukuta wa moyo unanyweshwa na mshipa wake, karatasi inageuka kuwa ramani. Mabadiliko kwenye II, III na aVF yanaelekeza ukuta wa chini, na mara nyingi mshipa wa kulia. V1 hadi V4 zinasimamia mbele, eneo la mshipa mkubwa unaoshuka upande wa kushoto. I, aVL, V5 na V6 zinaangalia ubavuni. Lidi zinazotazama ukuta ulioumia huonyesha mstari ulioinuka, na zile zilizo upande wa pili mara nyingi huonyesha kinyume chake, mstari ulioshuka, kama golikipa yule wa upande mwingine. Daktari anayeona picha zote mbili kwa pamoja huwa na uhakika zaidi kuliko anayeona moja. Saa haiwezi kumpa hilo hata ikirekodi mwezi mzima.

Lakini ramani ni sahihi kadiri vibandiko vilivyowekwa. Njia ninayoitumia ni hii: weka kidole kwenye shimo lililo chini ya koo, ukiteleze kwenye mfupa wa kidari kama sentimita 5 mpaka kikwae kwenye kituta. Kando ya kituta hicho ndipo ubavu wa pili unapoungana, na nafasi iliyo chini yake ni nafasi ya pili. Hesabu mpaka ya nne. V1 kulia kwa mfupa, V2 kushoto. V4 inakwenda nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga; V3 inakaa katikati ya V2 na V4. V5 na V6 zinafuata usawa wa V4 kuelekea kwapani, bila kupanda na mbavu. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni V1 na V2 kuwekwa juu mno, kwa sababu mpimaji ana haraka na hakuhesabu. Kosa hilo peke yake linaweza kuchora mfano wa ugonjwa ambao haupo.

Rangi nazo ni balaa la pekee. Mfumo unaotumika Ulaya na nchi nyingi nyingine hufuata taa za barabarani: nyekundu mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Mfumo wa Marekani unaweka nyeupe mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, nyekundu mguu wa kushoto na kijani mguu wa kulia. Tazama nyeusi na nyekundu zilivyohama! Mpimaji aliyezoea mashine ya kwanza akipewa ya pili, mikono yake hufanya kazi kwa mazoea. Soma herufi zilizochapwa kwenye kichwa cha waya, rangi achana nazo.

Niliwahi kuletewa karatasi ya kijana aliyekuja kupimwa kabla ya kuanza kazi, mzima wa afya. Lidi I ilikuwa imepinduka yote: P chini, QRS chini, T chini. aVR imepanda. Aliyemleta alishaanza kumweleza kwamba huenda moyo wake uko upande wa kulia. Nikatazama V1 mpaka V6: kilele kilikuwa kidogo V1 na kukua taratibu kuelekea V5, kama inavyotakiwa. Moyo ungekuwa kulia, vilele hivyo vingepungua kadiri unavyokwenda kushoto. Nyaya za mikono zilikuwa zimebadilishana. Tukarudia, dakika mbili, mambo yakakaa sawa, ila kijana alishatokwa na jasho.

Sasa mipaka yake. Karatasi ya kawaida ni sekunde 10. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga kama mara 100,000 kwa siku; sekunde 10 zinakamata mapigo 12 hivi. Ikiwa moyo wako hukimbia Jumanne jioni na umepimwa Alhamisi asubuhi, karatasi safi inaeleza Alhamisi asubuhi tu. Pili, hata lidi 12 zina migongo zisiyoiona. Ukuta wa nyuma huhitaji V7, V8 na V9, zinazowekwa kuelekea mgongoni usawa wa V6, na chumba cha chini cha kulia huhitaji elektrodi zihamishiwe kifua cha kulia, hasa V4R. Mgonjwa wa ukuta wa chini anayekosa damu hadi chumba cha kulia anaweza kuporomoka shinikizo la damu akipewa dawa za nitreti, zile zinazotanua mishipa ya damu, kwa hiyo kibandiko hicho kimoja cha ziada kinaweza kubadilisha matibabu. Tatu, shambulio la moyo linaweza kuanza na ECG isiyoonyesha kitu. Ndiyo maana hospitali hurudia kipimo baada ya muda na kupima damu kuangalia troponini, protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo iliyoumia. Mtu akikuambia "ECG ni nzuri, nenda nyumbani" wakati kifua bado kinabana, una haki ya kuuliza itarudiwa lini.

Kisanduku, kibandiko na kile cha chini ya ngozi

Mtafiti Norman Holter alipoanza majaribio yake Montana, Marekani, miaka ya 1940, mtu alibeba mgongoni mzigo wa takriban kilo 38 ili moyo wake urekodiwe akitembea. Leo kinachoitwa kwa jina lake kinaingia mfukoni. Holter hurekodi kwa saa 24 hadi 48, kwa kawaida lidi mbili au tatu, mfululizo, uko macho au umelala. Kibandiko cha kifuani hutumia lidi moja lakini hukaa hadi siku 14, huna waya unaoning'inia, na vingi vinaruhusu kuoga kwa uangalifu. Kile kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, kidogo kuliko kidole, huweza kufanya kazi miaka mitatu au zaidi.

Tazama namna lidi zinavyopungua kadiri muda unavyorefuka. Biashara ni hiyo: unatoa pembe, unanunua muda. Kwa mdundo, biashara hiyo ina faida.

Cha kuchagua kinategemea tatizo linakutembelea mara ngapi. Linakuja kila siku au karibu kila siku: Holter inatosha, na aliyevaa kisanduku akapata majibu safi kwa tatizo la mara moja kwa wiki alipewa kifaa sahihi kwa mtu mwingine. Linakuja kila wiki au kila wiki mbili: kibandiko cha siku 14. Linakuja mara chache kwa mwaka na linakuangusha: cha chini ya ngozi. Mtu anayezimia ghafla asitegemee saa, maana kifaa cha kubonyezwa kinahitaji mbonyezaji aliye na fahamu. Kinyume chake, mapigo yanayokimbia dakika kumi ukiwa umekaa macho, huku huna maumivu wala kizunguzungu, hapo saa au kifaa cha lidi sita kinaweza kushinda Holter kwa sababu kipo siku 365.

Daftari lisikupite. Ukivaa chochote kati ya hivi, andika saa na ulichokuwa unafanya kila unapojisikia vibaya. Rekodi yenye mapigo ya ziada 300 haimwambii daktari kama hayo ndiyo yanayokusumbua. Kumbukumbu yako ya "saa 9:40 alasiri, kifua kiliruka" ikiangukia juu ya pigo hilo, basi mhalifu amepatikana. Na ikiangukia juu ya mdundo wa kawaida kabisa, hilo nalo ni jibu lenye thamani.

Ukihitaji kuamua leo

Kifua kinabana, kinaelemewa, maumivu yanapanda taya au mkono, jasho la baridi, pumzi fupi: usipime chochote nyumbani. Nenda panapopimwa lidi 12, na upelekwe, usiendeshe mwenyewe. Miongozo inataka mgonjwa wa namna hiyo awe amepimwa ndani ya dakika 10 tangu afike. Dakika ulizopoteza ukitafuta rekodi nzuri kwenye saa hazimo kwenye hesabu hiyo, ila misuli ya moyo inazihesabu.

Dalili zinakuja ukipanda ngazi na kuondoka ukipumzika: karatasi ya mtu aliyelala haitoshi wala Holter si chaguo la kwanza. Uliza kuhusu kipimo cha mazoezi. Huko utapimwa lidi 12 ukitembea kwenye mashine, na vibandiko vya mikono na miguu vitahamishiwa kiwiliwilini, kama watafiti Mason na Likar walivyopendekeza mwaka 1966, ili mchoro usichafuke. Mchoro huo hutofautiana kidogo na ule wa kulala, kwa hiyo usiwekwe kando ya ule wa kawaida na kusomwa kana kwamba ni ndugu pacha.

Huna dalili yoyote na unataka tu kujua: lidi 12 mara moja, kisha uitunze. Hili ndilo ninalowaambia hata jamaa zangu wanaoona ni usumbufu. Kuna watu ambao njia ya kushoto ya umeme wa moyo wao imeziba miaka mingi, QRS yao ni pana kupita sekunde 0.12, na mchoro huo ukionekana kwa mara ya kwanza kwa mtu mwenye maumivu ya kifua huwatia madaktari wasiwasi kwamba jambo hilo limeanza leo. Karatasi ya zamani yenye mchoro uleule huwaambia kwamba njia hiyo haikuziba leo. Sasa, karatasi nyingi za ECG huchapwa kwa joto, na zikikaa kwenye mwanga au ndani ya mfuko wa plastiki zinafifia hadi unabaki na vijimraba vitupu. Ipige picha siku hiyohiyo, tarehe ionekane, na ukae nayo kwenye simu.